Karatasi Iliyo Chini ya Godoro

Hati za maana kijijini hazikai kabatini. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, risiti za karo, makubaliano ya shamba yaliyoandikwa kwa kalamu mbele ya mashahidi: vyote hutiwa ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ikakunjwa mara mbili, ikasukumwa chini ya godoro au chini ya nguo katika sanduku la bati. Huko ndiko inakoishia pia karatasi nyingine, yenye mhuri wa mahakama na sahihi ya hakimu, inayomkataza mume kumpiga mkewe, kumtisha, kumfuatafuata au kukanyaga pale anapolala. Mke mwenyewe ameihangaikia karatasi hiyo. Amepanda matatu kwenda kortini, ameapa, amesimulia mambo ya chumbani mbele ya watu asiowajua. Akishaipata, anaificha. Anamficha mama mkwe, anawaficha majirani, anamficha hata mwalimu wa watoto wake.

Kisha mume anarudi saa tano usiku, na mtu wa pekee anayejua kwamba kurudi kwake ni kosa la jinai ni yule anayetetemeka nyuma ya mlango.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa kuutazama mji mmoja, Mikinduri, katika Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru. Ni mji wa soko kwenye miteremko ya milima ya Nyambene, na kutoka hapo nchi inashuka kuelekea Tharaka. Ukiacha lami na kuingia ndani, maboma mengi ni ya ukoo. Baba alimkatia mwanawe mkubwa kipande cha juu, mdogo akapata cha chini, mama yao akabaki katikati na jiko lake. Mke aliyeolewa hapo amezungukwa na watu wa mumewe pande zote. Njia ya kwenda mtoni ni yao, mpaka wa shamba ni wao, na mbwa anayebweka usiku ni wao.

Sasa mpe mume huyo amri ya kuondoka nyumbani. Anaondoka kweli. Anahamia kwa ndugu yake, hatua 50 kutoka mlango wa mkewe. Asubuhi anakaa kwenye kigoda nje ya jiko la mama yake, kikombe cha chai mkononi, akimtazama mkewe anavyopita na mtungi. Hasemi neno. Je, amevunja amri?

Jibu limo katika maneno ya amri yenyewe, na ndiyo maana napenda kuanzia hapo kabla ya kufika kwenye usiku wa tukio. Amri iliyosema tu kwamba mume asiingie nyumbani kwa mlalamishi haijasema lolote kuhusu jiko la mama yake. Anayekwenda kuomba amri anapaswa kumchorea hakimu ramani ya maisha yake: njia ya mtoni, lango la shule, kibanda cha sokoni, kituo cha bodaboda, shamba anakochuma miraa au chai, kanisa la Jumapili. Aseme mume anapitia wapi na anakaa wapi. Kama amri imeshatoka na ina mwanya wa namna hiyo, inawezekana kurudi mahakamani kuomba ibadilishwe kabla mwanya haujageuka mlango.

Sheria yenyewe si dhaifu. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ilipitishwa mwaka 2015, na anayeisoma kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi watunzi wake walivyoijua nyumba ya Kiafrika. Haikuishia kwenye kipigo. Imetaja kuharibu mali, kumnyima mtu pesa na riziki, kumfungia nje ya makazi, kumvizia njiani, matusi, kumrithi mjane kwa nguvu na, hili wengi hawalijui, kuingiliwa na wakwe. Inawalinda walioolewa na walioachana, wachumba, ndugu na wanaoishi chini ya paa moja. Inamlinda mume pia. Mwanamume anayepigwa na mkewe akienda kituoni huchekwa kwanza ndipo aandikishwe, lakini karatasi atakayopewa na mahakama ina nguvu ileile. Na sheria hiyo inamruhusu hakimu, mambo yakiwa ya hatari, kutoa amri ya muda hata kabla mlalamikiwa hajasikizwa.

Kinachohitaji umakini ni kumfikishia mume amri hiyo. Kumhukumu mtu kwa kuvunja amri ambayo haikumfikia ni kazi ngumu. Kwa hiyo siku mume alipokabidhiwa nakala, na nani aliyemkabidhi, ni habari ya kuandikwa na kutunzwa. Amri za mahakama zetu huandikwa kwa Kiingereza. Mume atakuja kusema hakuelewa. Heri karani au mkalimani aisome amri kwa Kimeru au Kiswahili pale pale kortini, mume akiwepo, ili njia hiyo ifungwe mapema.

Amri huvunjwaje? Watu hudhani ni lazima mlango ubomolewe. Mara nyingi huanza kwa vitu vidogo ambavyo mwanamke anaona haya hata kuvipeleka polisi. Ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa, mara 20 kwa siku. Simu inayoita mara moja na kukatika, usiku kucha. Mtoto anayerudi na ujumbe, “Baba amesema mwambie mama yenu ajiangalie.” Shemeji anayekuja kukata nyasi za ng’ombe karibu na dirisha na kukaa hapo zaidi ya inavyohitaji nyasi. Mume haruhusiwi kumtuma mtu mwingine afanye kile alichokatazwa yeye. Shemeji na mama mkwe si mlango wa nyuma.

Vitu hivyo vidogo ndivyo vya kuandikishwa. Mume anapima. Alituma ujumbe, hakuna aliyemuuliza. Alipita karibu na lango, kimya. Alibisha mlango, kimya. Kila hatua isiyojibiwa inamfundisha kwamba karatasi ile ni karatasi tu. Anapokuja na panga, huwa ameshafanya majaribio ya kutosha.

Kwa hiyo ripoti ya kwanza ipelekwe pale amri inapovunjwa mara ya kwanza, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Kituoni, jambo la kwanza ni kuhakikisha maneno yameingia katika kitabu cha matukio, kile ambacho kila Mkenya anakiita OB, na kutoka na nambari yake. Usikubali kuambiwa “tumesikia, nenda nyumbani.” Kusikia hakuna nambari. Vituo vingi vina dawati la jinsia, na mlalamishi ana haki ya kuomba taarifa yake iandikwe na askari wa jinsia yake. Sheria ya 2015 inamtaka polisi amweleze mlalamishi kuhusu msaada uliopo, matibabu na mahali pa kujihifadhi, na kwamba anaweza kufungua mashtaka ya jinai. Pakiwa na jeraha, hata alama ya vidole shingoni, aende hospitalini siku hiyohiyo na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, ijazwe. Asioge kwanza kama kumekuwa na unyanyasaji wa kingono. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, zisifuliwe.

Simu nayo ina mambo yake. Kupiga picha ya skrini na kumtumia dada yako ni mwanzo mzuri, lakini usifute ujumbe wa asili na usiuze simu hiyo. Sheria ya ushahidi ya Kenya inataka ushahidi wa kielektroniki uje na cheti kinachoeleza ulitolewa kwenye kifaa gani na kwa njia gani. Kesi inaweza kuyumba kwa kukosa ukurasa huo mmoja, ilhali matusi yenyewe yanasomeka wazi mbele ya kila mtu.

Tufike kwenye usiku wenyewe. Mume yuko mlangoni, amelewa au hajalewa. Huu si wakati wa kumsomea amri kupitia dirishani. Nasema hivi kwa sababu kuna ushauri mwingi wa mijini unaomtaka mwanamke asimame imara. Ushauri huo huja bila mlango wa mbao wenye komeo moja. Kama kuna njia ya kutoka, atoke na watoto, aelekee penye watu. Kama hakuna, apige kelele na ampigie mtu aliye karibu zaidi kabla ya kupiga 999 au 112, maana jirani atafika kabla ya gari la polisi. Ipo pia laini ya bure ya 1195 kwa walionyanyaswa kijinsia, na 116 kwa mambo ya watoto. Lakini jirani atakuja mbio au atajifunika blanketi, kutegemea kama alikuwa anajua. Mtu asiyejua kuna amri husikia mayowe na kusema, “Ni mambo ya mume na mke.” Anayejua anasikia kosa linatendeka.

Ndiyo maana karatasi itoke chini ya godoro. Nakala ya kwanza iende kwa mkuu wa kituo cha polisi, ya pili kwa chifu, ya tatu kwa mwalimu mkuu ili watoto wasichukuliwe shuleni na mtu aliyekatazwa. Jirani mmoja anayeaminika aisome. Mwendesha boda anayembeba kila siku ajue. Nyingine ibaki kwa ndugu wa kwao, mbali na hapo, maana karatasi zilizo ndani ya nyumba huchomwa. Kuitembeza ni fedheha, najua. Fotokopi moja ni shilingi chache, na fedheha haina bei inayojulikana.

Kuna neno tunaloliogopa zaidi: je, polisi wakikataa? Kisingizio cha gari lisilo na mafuta kinajulikana Kenya nzima. Kinajulikana pia kile cha “rudini mkaelewane.” Lakini Meru ina hoja ambayo si kila pahali duniani panayo.

Mnamo Oktoba 2012 wasichana 11 waliokuwa wamenajisiwa, pamoja na shirika la Ripples International lililokuwa likiwahifadhi mjini Meru, walifungua ombi la kikatiba katika Mahakama Kuu ya Meru. Hawakuwashtaki waliowanajisi. Waliwashtaki polisi kwa kutofanya kazi. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau aliamua kwamba kupuuza kwa polisi, kutochunguza malalamiko haraka na kwa ufanisi, kulivunja haki za kikatiba za wasichana hao. Kesi hiyo imejulikana duniani kwa jina la kesi ya wasichana 160, maana wale 11 walisimama kwa niaba ya wenzao wengi. Ilihusu unajisi wa watoto, si amri za ulinzi, lakini mantiki yake ni pana: askari anayekaa na malalamiko mezani naye amelitenda jambo, na jambo hilo lina jina kisheria. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinamlinda mtu dhidi ya ukatili utokao serikalini au kwa watu binafsi. Mume ni miongoni mwa hao watu binafsi.

Linganisha na Marekani, nchi tunayodhani amri za mahakama huko hutimizwa kwa sekunde. Mwaka 1999, katika mji wa Castle Rock jimboni Colorado, Jessica Gonzales alikuwa na amri ya mahakama dhidi ya mumewe. Jioni ya tarehe 22 Juni mume aliwachukua binti zao watatu. Mama aliwapigia polisi simu, akawapigia tena, akaenda kituoni mwenyewe usiku wa manane. Waliendelea kumwambia asubiri. Karibu na saa tisa na nusu usiku mume alifika kituoni, akafyatua risasi, akauawa. Watoto walikutwa wamekufa ndani ya gari lake. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Katiba ya nchi hiyo haikumpa mama huyo haki ya kudai polisi waitekeleze amri yake. Ilibidi aende kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya mabara ya Amerika, ambayo mwaka 2011 ilisema Marekani ilikosea. Mama wa Castle Rock alikataliwa mlango ambao wasichana wa Meru waliufungua.

Mlango huo hautumiki peke yake. Askari akikataa kuandika, omba kuonana na mkuu wa kituo. Naye akikataa, malalamiko yapelekwe kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, au kwa ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka ya umma. FIDA Kenya, shirikisho la mawakili wanawake, na huduma ya serikali ya msaada wa kisheria huweza kumshika mkono asiye na wakili. Andika jina la askari, tarehe na saa, maana kuripoti tu hakutoshi. Septemba 2024, mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, Trans Nzoia, na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake, akafa siku chache baadaye katika hospitali ya Moi mjini Eldoret. Familia yake ilisema hadharani kwamba malalamiko yalikuwa yamekwisha kufikishwa polisi.

Tuseme polisi wamefika, wamemkamata. Ni Ijumaa jioni. Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiisha wakati mahakama imefungwa, unasogea hadi siku inayofuata ya kazi. Na kabla ya hapo anaweza kuachiliwa kwa bondi ya polisi. Jumamosi adhuhuri mke yuko jikoni, anaamini mume yuko seli, na mume anashuka kwenye matatu. Mke aulize kabla ya kutoka kituoni: anaachiliwa lini, na nani atanipigia simu? Asipopata jibu la kueleweka, asilale hapo.

Jumatatu kortini lipo jambo jingine la kudai. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inataka usalama wa mwathiriwa uzingatiwe dhamana inapojadiliwa. Mwendesha mashtaka ana rundo la faili; asipoambiwa kwamba hii ni mara ya nne, ataichukulia kama mara ya kwanza. Hapo ndipo zile nambari za OB za ujumbe na simu za usiku zinapokuwa na kazi.

Halafu wanakuja wazee.

Wanakuja jioni, kwa heshima, pengine baba mkwe yumo. Wanasema mume amekiri, amelia, ameahidi mbuzi. Wanasema watoto watakula nini baba yao akifungwa. Kwao mwanamke nako simu imekwisha kupigwa, na mama yake mzazi anamwambia, “Vumilia, mahari tulikwisha kula.” Sitawadharau wazee hawa. Tigania ni nchi ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, makao yake yako Nchiru, na Katiba katika kifungu cha 159 inazitambua njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisivunje haki za msingi. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai nayo inaruhusu hakimu kuhimiza upatanisho kwa makosa madogo ya kibinafsi. Lakini aliyevunja amri hakumkosea mkewe peke yake. Ameikosea mahakama, na mbuzi hachinjwi kwa niaba ya hakimu. Kesi ikishafunguliwa haiko mikononi mwa mke kuifuta. Kuiondoa kunahitaji ruhusa ya mahakama. Hilo ni kinga kwake, na anaweza kulisema kwa upole: “Baba, mimi sina uwezo huo.”

Meru inajua, kuliko sehemu nyingi, kwamba hata neno la wazee si uchawi. Mwaka 1956 Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji, serikali ya kikoloni ikiwa nyuma yake. Wasichana wakaenda kukeketana wenyewe msituni. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Waliotoa amri hawakuwa wamezungumza na waliotakiwa kuitii. Kwa hiyo wazee wanapokuja jioni ile, kuna ombi moja ninaloliona bora kuliko kuwafukuza: waombwe wakae upande wa amri. Wamhifadhi mume mbali na boma. Wawe mashahidi kwamba anajua alichokatazwa. Karo ipitie kwa ofisa wa watoto au iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, isiletwe na mume mwenyewe saa mbili usiku. Matunzo ya watoto yanaweza kudaiwa chini ya Sheria ya Watoto ya 2022 bila mume kukanyaga ua.

Kuna jambo moja gumu nisilotaka kulipita. Mke mwenyewe humfungulia mlango. Mtoto ana homa, mume ana pesa ya gari. Au ni Krismasi. Au amemkosa tu, jambo ambalo maofisa hawapendi kulisikia. Amri inamfunga mume, haimfungi mke, na mke hawezi kushtakiwa kwa kuivunja. Ila wakili wa mume atauliza kuhusu Krismasi ile. Kama mke anataka mume aje kuwaona watoto, njia safi ni kurudi kortini, amri iandikwe upya: mahali gani, saa ngapi, mbele ya nani. Na kama alifungua mlango mara moja, hajapoteza haki ya kuufunga mara ya pili. Aende kituoni aseme yote mawili. Askari atamcheka. Aandikishe hivyohivyo.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wamekumbwa na ukatili wa kimwili tangu walipofika umri wa miaka 15. Ukipanda matatu ya Mikinduri yenye abiria 14, nusu wakiwa wanawake, wewe fanya hesabu.

Anayerudi kutoka kituoni siku ile atakuwa na nakala ya amri iliyochakaa kwenye mikunjo. Aigeuze. Nyuma, kwenye upande usio na maandishi, aandike kwa kalamu nambari ya OB ya leo, tarehe na jina la askari, na chini yake aache nafasi. Ikija ya pili, iandikwe chini ya ya kwanza, na ya tatu chini ya ya pili. Siku ya kesi ataikabidhi kwa mwendesha mashtaka ikiwa upande huo juu.